Chokaa kwa Harusi, Mkaa kwa Msiba

Mgongo wangu umekwisha. Nalisema hili mwanzo litoke, maana anayeuza kuni akianza hadithi ya mgongo hamalizi.

Kazi hii nilirithi kwa mume wangu. Yeye alikuwa na gari la ng'ombe, na nyuma ya nyumba yetu huku Ng'ambo alisimamisha banda: nguzo za mvinje, boriti za mvinje, mabati juu, ubavuni wazi upepo upite. Alipokufa watu waliniambia niuze ng'ombe, nikae eda, kisha nikae tu. Eda nilikaa. Kukaa tu kulinishinda. Ng'ombe naye alikufa baadaye, nikawa nakodi kigari cha mizigo, kuni zikaendelea kuja kutoka shamba: mvinje, mwembe uliozeeka, na mara moja moja mkarafuu uliokufa wenyewe.

Watu huniuliza nani siku hizi anapikia kuni, na kila nyumba ina mtungi wa gesi. Kweli. Chai ya watu wawili hupikiwa gesi. Lakini mtu akifiwa, au akimuoza mwanawe, akataka kulisha mtaa mzima, anakuja bandani kwangu mwenyewe na viatu vyake mkononi kwa sababu ya tope. Sufuria ya shughuli anaingia mtoto mzima akakaa. Hiyo inataka kuni.

Kuzifikisha ndiyo kazi. Mji Mkongwe gari haliingii. Kuni hushushwa njia kuu, zikapakiwa gari la mkono, na vichochoro vikizidi kubana hubebwa begani. Nina hamali wangu mmoja, mtu mzima, wazee wake walitoka bara, tumezeeka pamoja. Nguvu anazo, lakini milango ya mjini yote kwake ni mlango mmoja. Siku moja alipeleka kuni za harusi penye msiba. Wanawake ndani wanalia, yeye yuko kizingitini na mzigo wake, anauliza bwana harusi yuko wapi atie hongera.

Tangu siku hiyo nikaanza alama. Kila fungu la kuni napaka kichwani kabla halijatoka. Chokaa kwa harusi, mkaa kwa msiba. Hamali akifika mlangoni anatazama rangi, anatega sikio kama ndani kuna kilio au vigelegele, na hapo hakosei.

Na nina sharti langu jengine. Kuni zilizobaki msibani hazirudi bandani kwangu. Humwachia hamali akapikie kwake, yeye hana habari na mambo hayo. Sheikh mmoja wa mtaani aliniambia jambo hilo halimo katika dini, ni dhana za wanawake. Nikamwambia, "Sawa, sheikh. Siku ukimuoza binti yako ntakuletea za matanga, tena nitakupunguzia." Akajikohoza akenda zake.

Mwaka jana akaposwa mjukuu wangu. Huyu nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alikuwa kazini kutwa, na mtoto alifanyia hesabu zake juu ya magogo yangu, kwa makaa, hana hata haja ya daftari. Leo anafundisha hesabu skuli ya sekondari. Mimi niliishia darasa la nne. Basi akipita njiani na mkoba wake, watu wakisema yule mwalimu, mimi hujibu hata kama sikuulizwa, "Yule wangu."

Mchumba alitoka kwao Paje, pwani. Walipokuja kuleta posa, alikuja bibi yake, mwanamke mrefu mkavu, vidole vimechanika kwa kufunga mwani. Tulikaa jamvi moja. Kwa kuwa mimi ni mimi, nikamhadithia biashara yangu yote, chokaa na mkaa, na kwamba kwangu ukuni wa msibani hauingii. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi wewe una mambo, bibi mwenzangu." Nikaona nimemshinda. Kumbe nimempa kisu.

Harusi ikawekwa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha tu. Binti yangu akataka gesi. Yeye anakaa Michenzani, ghorofani, na chakula kingepikwa chini, kwenye uwanja kati ya majumba.

"Mama, tukodi majiko ya gesi. Hamna moshi, hamna tabu."

"Pilau ya mjukuu wangu haitopikwa kwa moto wa chupa," nikamwambia. "Miaka yote nalisha shughuli za watu, ya kwangu nikakodi jiko? Watu wataniuliza kuni zako zina ukimwi?"

"Mama, mvua."

"Mvua naijua kabla sijakujua wewe."

Nilizitenga kuni za mjukuu wangu tangu Rajabu. Mvinje mtupu, unaowaka mwekundu bila kutoa machozi. Nilizipanga moja hivi na moja hivi, upepo uzipite, nikazipaka chokaa mwenyewe kwa mkono, kichwa kwa kichwa. Wateja wa Ramadhani walizitamani nikawakatalia.

Wiki ya harusi masika ikamwagika. Siku mbili kabla ya ndoa, mtaro wa nyuma ukafurika, maji ya kahawia yakaingia bandani mpaka magotini. Nilisimama ndani yake na kanga yangu, natazama kuni zangu zinaelea kama bata. Chokaa ilitoka yote, maji yakawa meupe. Shamba nako njia ilikuwa tope, kigari hakipandi. Kila niliyempigia simu alinijibu kuwa zake zimelowa.

Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Sikulia. Mwili ulikuwa umechoka hata kulia kungenigharimu. Nikamwambia hamali wangu, "Nenda mjini. Nitafutie kuni kavu popote unapojua, uzipeleke Michenzani."

Siku ya pili yake, adhuhuri, nafika uwanjani Michenzani, mpishi wa shughuli keshapanga mafiga, na pembeni, chini ya turubai, kuni kavu zimepangwa vizuri, vichwa vyeupe kwa chokaa. Hamali amesimama kando anangoja sifa.

"Umezipata wapi?"

"Popote ninapojua, Bi Mkubwa."

Nilimwombea dua. Nikakaa juu ya kiti cha plastiki, miguu nimeinyoosha, nikasema leo nitakunywa chai kama watu.

Alasiri wakaja wanawake wa kwa bwana harusi, na sanduku la nguo za bi harusi kichwani, na nyimbo. Yule bibi wa Paje yuko mbele. Salamu zikaenda, zikarudi. Kisha nikamwona hapandi ngazi na wenzake. Anazunguka turubai langu. Akachomoa ukuni mmoja, akatia kidole mate, akausugua kichwani.

Chini ya chokaa kulikuwa na mkaa.

"Bibi mwenzangu," akasema, polepole, "harusi yenu rangi gani?"

Nikainuka. Nikasugua mimi mwenyewe, wa pili, wa tatu. Chokaa mbichi juu, mweusi chini. Mkono wangu mwenyewe niliujua, ule mkaa niliupaka mimi. Zilikuwa kuni za nyumba moja ya mjini iliyofiwa kabla ya mvua, zimebaki ukumbini mwao.

Nikamwita hamali. Akaja anacheka.

"Umefanya nini?"

"Si ulisema kavu? Zilikuwa kavu. Nikabadilisha alama, maana alama ni ya mlango, na mlango ushabadilika." Akatutazama, mimi na yule bibi. Kicheko kikamwishia. "Kwani nimekosa? Alama si anwani?"

Miaka yote tuliyofanya kazi naye sikuwahi kumwambia zaidi ya hivyo. Niliona kila mtu anajua.

"Mjukuu wangu," akasema yule bibi, "hali wali uliopikiwa kuni za kilio. Hii si mimi niliyesema. Umesema wewe, juu ya jamvi, mimi nakusikiliza."

"Nlisema."

"Basi tufanyeje? Maana watu wetu wanafika kesho, na sisi Paje tunapotoka na gari zetu hatuji kula biskuti."

Binti yangu alikuwa ameshashuka ngazi, kaushika mtandio kama anataka kuuchana. Mpishi akasema majiko makubwa ya gesi hayapatikani tena, mwezi wote huu ni harusi, hata jirani zake wamekosa. Mjukuu wangu alikuwa juu, mikono na miguu ina hina mbichi, hawezi kushika kitu wala kushuka. Aliniita dirishani.

"Bibi."

"Naam."

"Mimi ntakula. Ukuni ni ukuni tu."

Nilimtazama kule juu. Mwalimu wangu. Angekula kweli, na angetabasamu. Lakini ndoa ina siku nyingi baada ya pilau. Mtoto akiugua, mtu akiteleza, kungelikuwa na mwanamke Paje wa kusema unakumbuka zile kuni. Nami nisingeweza kumjibu, kwa sababu maneno ni yangu.

Nikasema, "Kuni kavu ninazo. Nifuateni."

Hawakunielewa mpaka tulipofika nyuma ya nyumba yangu na hamali akaniona natazama juu. Banda lile mume wangu alilisimamisha akiwa kijana. Nguzo zilikuwa zimelowa chini kwenye tope, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu, na boriti zote, zilikuwa zimekaa chini ya bati linalounguza jua baada ya jua. Katika maisha yangu sijauza kuni kavu kama zile.

"Bi Mkubwa," hamali akasema. "Hili banda."

"Ndilo. Anza na bati."

Mpishi akapanda na nyundo. Misumari ililia. Yule bibi wa Paje naye alikuja nyuma yetu, hakwambiwa na mtu, kanga kajifunga kiunoni. Alisimama kidogo mbele ya nguzo ya kwanza iliyoangushwa.

"Hii haikutoka msibani?"

"Imetoka kwa mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Kashakufa."

"Basi na hii ya maiti."

"Aliisimamisha yu hai, tena ana nguvu kuliko wako."

Akacheka mpaka akashika nguzo asianguke. Kisha akainamia upande mmoja, mimi nikainamia wa pili, tukaubeba mti ule mpaka kwenye gari la mkono, vikongwe wawili, kila mmoja anamwambia mwenziwe apunguze haraka. Mgongo wangu ulinena, nikaunyamazisha. Kabla ya magharibi palibaki mashimo yenye maji na mabati yameegemezwa ukutani. Sikutafuta chokaa. Hapakuwa na wa kukosea mlango.

Pilau ilipikika. Moto ulikuwa mwekundu, moshi kidogo, mpishi hakupuliza hata mara moja. Watu wa Paje walikula wakaongeza. Binti yangu hakuniambia neno la gesi, wala mimi sikumwambia neno la kuni. Nilipewa sahani yangu nikala nusu, usingizi ukanichukua nimekaa pale pale kitini, na vigelegele vyote vile masikioni.

Zile kuni za chokaa juu ya mkaa alizichukua hamali. Anasema kwake zinawaka vizuri.

Baada ya fungate mjukuu wangu alikuja na mumewe, kaniletea mtungi wa gesi na jiko lake. Aliufunga mwenyewe, akanionyesha pa kuwashia, akatenga birika. Kisha akaenda mlango wa nyuma, akasimama anatazama yale mashimo. Mvua ilikuwa imekatika na simu yangu inalia. Ilikuwa nyumba moja ya Kikwajuni, tangu asubuhi inataka kuni za hitima.

"Bibi, banda utalisimamisha lini?"

Simu ikalia mpaka ikachoka.

"Nimiminie chai kwanza," nikamwambia.