Mkeka wa Mwisho wa Bibi

Bibi mzaa mama alikuwa na mkeka wa ukindu aliousuka mwenyewe ujanani, akauhifadhi uvunguni pamoja na sanda yake. Kwetu, maiti akishalazwa mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi, na mbao zikapangwa, hutandazwa mkeka juu ya mbao ili mchanga usipenye. Bibi alitaka wake uwe wa mkono wake. Alikuwa akinitania, "Mume wangu, mimi sitaki kufunikwa na plastiki kama andazi la dukani."

Mimi kazi yangu ni kubuni vitambaa. Nina chumba Chumbageni, kompyuta, na masufuria ninayochemshia rangi ya maganda ya mikoko iliyokwisha kuanguka yenyewe. Nakshi yangu iliyopendwa kuliko zote niliitoa kwenye mkeka ule. Nilimwomba Bibi ruhusa, nikaupiga picha, nikauchora upya kwenye kompyuta, chane kwa chane. Wateja walinisifu, na mimi nikajisifu zaidi: kila kinachotoka mikononi mwangu, nilisema, kitaoza na kurudi udongoni. Bibi alicheka. "Kuoza nako kwataka kusomewa?"

Kisha jirani yake wa ukuta kwa ukuta akafariki. Mtaa mzima haukuwa na mkeka wa ukindu, Bibi akatoa wake. Nilipolalamika akanikaripia: "Maiti hangoji. Wewe n'tafutie mwingine." Mkeka uliokwenda kaburini haurudi, na vidole vya Bibi vilikuwa vimekakamaa, haviwezi tena kusuka.

Nikaenda Mwera, kwa mama mmoja aliyesifika kwa ukili, ule utepe wa ukindu unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanikaribisha nikae juu ya mkeka wa plastiki. Nikaitambua nakshi kabla sijavua viatu. Ilikuwa ile ya Bibi, hadi mstari mwembamba wa pembeni niliouongeza mwenyewe kwenye kompyuta. Mtu nisiyemjua aliichukua kwenye picha za vitambaa vyangu, akaipeleka kiwandani.

"Mzuri, eti?" yule mama akaniuliza. "Ukiupangusa na kitambaa, basi. Ukili nimeacha, mwanangu. Nani anunue?"

Nilikaa juu ya mkeka ule, nikanywa chai ya watu.

Nikasema nitasuka mwenyewe. Wanaume wa kijiweni walinicheka, maana kwetu ukili ni kazi ya wanawake. Bibi alinifundisha kwa mdomo, akiwa amelala kitandani. Nakshi niliijua yote. Kwa mashine ningechapa jora zima kabla ya adhuhuri. Ukindu haukujali ninachojua. Ulinikata vidole, na ukili wangu ukaenda upande.

"Mume wangu amenisukia nyoka," Bibi alisema, tukacheka mpaka akapaliwa.

Nikafumua, nikaanza upya. Kila ukili uliporefuka kidogo, nilimwona Bibi amepungua kidogo. Niliogopa sana, na hofu ikanizidishia kukosea. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini hawasemi ufanye nini unapokuwa huna muda wa polepole.

Alifariki asubuhi, na baada ya sala ya alasiri tulikuwa makaburini. Ukili wangu ulibaki nyumbani, haujashonwa, hautoshi hata mkeka wa mtoto kuswalia. Nilishuka kaburini pamoja na mjomba, tukampokea, tukamlaza, tukapanga mbao. Nikasikia mtu huko juu akiuliza mkeka uko wapi. Mwingine akajibu umekwishanunuliwa, akauteremsha ukiwa bado kwenye mfuko wake wa dukani.

Mjomba akaukunjua. Nikauona ule mstari wa pembeni.

"Si huu," nikasema.

Akanishika bega, akaniuliza kwa upole, "Una mwingine?"

Sikuwa nao. Niliutandaza kwa mikono yangu, nikatoka kaburini, wakaanza kufukia.

Sasa hivi bado nafanya kazi, kwa sababu lazima nile. Wateja wakiniuliza kama vitambaa vyangu vinaoza, nawajibu ndiyo, nabadili mazungumzo. Sanda itaoza, mbao zitaoza, na Bibi mwenyewe atarudi udongoni kama alivyotaka. Nakshi niliyoichora mimi itabaki juu yake, na rangi zake zote.