Maji ya Kuzimulia Mbege

Huku Kirua Vunjo hakuna aliyepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kumshinda Dominika. Watoto wake aliwachemshia maji ya kunywa kila siku. Hilo nitalishuhudia hata mbele ya padri. Lakini mbege yake aliizimua kwa maji mabichi ya mfongo, mfereji unaopita chini ya migomba yetu, kama mama mkwe wake alivyomfundisha. Maji ya mlimani, baridi, maangavu, nani angeyashuku? Na huko juu watu wamejenga mazizi na vyoo pembeni mwa mfongo huohuo.

Kornel, mumewe, ndiye aliyeonja kila mbege kabla ya wageni, ndiyo mila. Akashikwa na homa na tumbo. Mdogo wake, Melkior, mjuaji wa ukoo, akasema ni malaria, akamletea vidonge vya dukani. Tukasubiri. Tulipomfikisha hospitali huko Moshi, utumbo ulikuwa umeshatoboka. Daktari akasema ni taifodi, tungemleta mapema dawa ingemponya. Kisha akauliza tunakunywa maji gani. Dominika akajibu, "Ya kuchemsha," halafu akashika mdomo. Sitaki kuuona uso wa namna ile tena.

Msiba hauendi bila mbege, naye Dominika akaipika mwenyewe, ila safari hii maji yote aliyachemsha kwa kuni, akayapoza. Melkior alionja kata moja tu.

"Shemeji, hii ina harufu ya moshi. Unamzika kaka yangu kwa uji?"

"Shemeji, maji ya mfongo ndiyo yaliyomuua."

"Baba zetu waliyanywa wakazeeka."

"Unawakumbuka waliozeeka tu."

Melkior na wazee wa ukoo wakaondoka kwenda kunywa kwa mpishi mwingine, kule chini, anayezimua kwa maji ya mfongo. Denis, mtoto wa kiume wa pekee wa marehemu, akawafuata, maana kwetu mtoto wa marehemu hawaachi wazee wa ukoo wanywe peke yao. Hasira ya kumwona akienda ninayo hadi leo. Mbege ya Dominika ikachachukia kwenye pipa.

Wiki ya pili baada ya mazishi, Denis aliamka anatetemeka, tumbo linamuuma. Melkior alipofika na vidonge vyake, aliwakuta mama na mwana wako barabarani wanangoja gari la Moshi.

"Shemeji, subiri kwanza tuone."

"Kwa Kornel tulisubiri," Dominika akasema, akamwinamia mwanawe akamnywesha maji ya kuchemsha, yale yenye harufu ya moshi.