Kisu cha Kijapani Kiunoni mwa Bwana Harusi

Unguja. Niliondoka kwa sababu dada yangu Zuwena, aliyehamia London zamani, alikuwa anamwoza mwanawe Salum na hakuwa na mwanamume wa kukaa kando ya kijana siku ya ndoa. Baba wa Salum alishatangulia mbele ya haki, basi zamu ikamwangukia mjomba. Nilibeba joho, kilemba, na halwa ya kutosha kuozesha meno ya mji mzima. Jambia sikubeba. La marehemu baba liliuzwa kwa watalii kabla sijaota ndevu, na watu walinihakikishia kuwa harusi za Ulaya siku hizi ni suti.

Lewisham, siku ya pili. Nilimkuta dada hali, halali. Mzee Shaame, babu wa bibi harusi, mzaliwa wa Wete, Pemba, alikuwa ameleta neno: kwao bwana harusi haketi na mke bila jambia kiunoni, kama yeye alivyoketi na lake la fedha. Salum akija mtupu, yeye atainuka na fimbo yake aende zake.

"Akiinuka yule, ukoo mzima utamfuata," dada aliniambia. "Miaka yote hii nawaogesha wazee wa watu ili mwanangu aoe kwa heshima. Nitafutie jambia, kaka."

Aliyasema hayo akiwa bado na sare ya kazini. Niliionea haya halwa yangu.

Rayners Lane, Jumamosi asubuhi. Dada alinituma kwa Bwana Kanti, sonara mstaafu, Mhindi mzaliwa wa Tanga, ambaye mkewe aliuguzwa na dada mpaka mwisho. Nilivuka London kwa treni, na njia nzima watu hawakusalimiana. Nilimwamkia mmoja, akahama kiti. Bwana Kanti alinipokea kwa chai ya maziwa na Kiswahili cha Tanga kisichochuja, akaniuliza bei ya machungwa ya Muheza kana kwamba ndiko nilikotokea asubuhi ile.

Jambia hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni kisu cha kale cha Kijapani, tena kimevaa kuliko bwana harusi yeyote niliyewahi kumwona. Ala yake nyeusi ilitiwa fedha kwenye ncha. Mpini ulisukwa kwa uzi wa hariri, na katikati ya msuko walichungulia kaa wawili wadogo wa dhahabu. Chini ya hariri palionekana ngozi nyeupe yenye chembechembe, nayo niliijua mara moja: ngozi ya taa, yule samaki bapa. Kwetu seremala alikuwa akisugulia milango, ikichakaa anaitupa. Wajapani wameivisha hariri na dhahabu, nami nimepanda ndege kuja kuistaajabia.

Bwana Kanti alikifunga ndani ya kanga ya dada niliyokuja nayo, akanipa sharti moja tu, tusikichomoe. Nilishawahi kusikia kuwa kisu cha Kijapani kikichomolewa hakirudi alani bila damu. Basi nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi wa mambo, wala sikuuliza kitu.

Njiani kurudi. Salum alinipigia simu nikiwa nimeshaketi kwenye treni.

"Uncle, please, usikibebe kwenye train," alisema. "It's illegal, wallahi. Watakukamata, halafu watakurudisha Zanzibar kabla ya wedding."

Akanieleza kwamba mjini humo kisu ni kosa hata kikiwa kimelala mkobani. Tangu hapo niliukumbatia mkoba ule kama mtoto mwenye homa. Nilifikiria kushuka nikiache mahali, lakini nikamwona akilini Mzee Shaame akiinuka na dada yangu akibaki peke yake na viti vitupu. Nikabaki kitini, nikisoma kila dua niliyoijua, hata za wasafiri wa baharini.

Kituo cha Lewisham. Polisi walikuwa wamesimamisha mlango wa chuma usio na nyumba, na kila mtu anapita ndani yake. Nilipopita mimi, ukalia. Askari wa kike aliifungua ile kanga kwa adabu, akakishika kisu, akakichomoa. Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua, mkononi mwake palikuwa na kipande cha mti. Mti mweupe, uliochongwa vizuri kwa umbo la kisu, usioweza kukata hata halwa. Askari alicheka, akamwita mwenzake naye akacheka, kisha wakanirudishia na kunitakia harusi njema. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilikasirika, maana hakuna aibu kama ya mtu kutetemekea kijiti.

Nikampigia Bwana Kanti. Hakuomba radhi.

"Kisu chenyewe ninacho mimi, kimepumzika kwenye ala ya mti mtupu. Ndivyo wenyewe wanavyokitunza," alisema. "Hayo uliyobeba ni mavazi yake, na huo mti ni wa kuyashikilia yasiachane. Sasa ndugu yangu, mnaoza au mnachinja?"

Siku ya ndoa. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, nyuma ya kanisa la Wakenya, na kwaya yao ilikuwa ikifanya mazoezi upande wa pili wa ukuta wetu. Salum aliingia na joho, kaa wa dhahabu wakimeta kiunoni. Mzee Shaame alimwita karibu, akaushika mpini.

"Hili si jambia."

"Si jambia, Mzee," nilijibu. "Ni kisu cha Kijapani."

Akakichomoa. Upande wa wanawake nilimwona dada akijiziba mdomo kwa mtandio. Mzee aliutazama ule mti, akaurudisha alani polepole. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka juu ya mpini wa jambia lake mwenyewe, lile la fedha alilotutambia.

"Vuta," aliniambia.

Nikavuta. Mpini ukaja peke yake. Ndani ya ala hamkuwa na kitu.

"Siku ya kuondoka Pemba tuligawana jambia hili na ndugu yangu Faki," alisema kwa sauti ya chini. "Miye nikatwaa ala na mpini, yeye akabaki na chuma. Tukaahidiana atakayemwendea mwenzake ndiye atakayeliunga. Salum, kaa na mkeo."

Hakuinuka. Dada alilia hadharani, nami pia, bila kujificha. Nilipoagana naye, Mzee alinituma nikaangalie kama chuma kile bado kipo.

Wete, baada ya kurudi. Faki alishafariki. Nilimkuta binti yake, Bi Time, uani kwake, akipara samaki kwa kisu kipana kilichopinda, kilichotiwa mpini wa mpera. Alisema hakijawahi kufa makali. Nilipomweleza kuwa ndicho chuma cha lile jambia, alikigeuzageuza, akaendelea kupara.

"Baamkubwa akikitaka, na aje mwenyewe," alisema. "Na aje na kingine, maana hawa nitawaparia nini?"

Niliondoka nimejifunza kwamba London watu wanayapa heshima mavazi, na Pemba chuma kiko kazini. Nilimpigia Mzee Shaame, nikamweleza yote bila kupunguza. Aliuliza ni samaki gani, nikamwambia changu. Kisha akataka kujua kama kisu kizuri cha jikoni kinaruhusiwa kupanda ndege. Nikamwambia kinaruhusiwa, mradi akifunge vyema kwenye sanduku kubwa.