Koti la Mpiga Picha

Siku ile tulikuwa tunapiga maharage. Yalitandazwa juu ya turubai, uani kwetu Kingi, kule Masisi, na babu aliyapiga kwa fimbo huku makapi yakimwingia kwenye nyusi. Kuku walidonoa pembeni.

"Mama Bahati, kuku zako zinavuna kunipita," alimwambia nyanya.

"Zenyewe hazina mudomo mingi," nyanya akajibu.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilicheka mpaka nikaangusha ungo.

Kisha tukasikia risasi upande wa shule.

Moja. Halafu nyingi.

Babu alitupa fimbo, akanishika mkono. Nyanya alichomoa picha ya babu ukutani, akaifunga ndani ya kitenge chake pamoja na mihogo miwili. Tulishuka shambani tukiwa tumeinama.

Tulikuwa tumeshavuka kijito nyanya aliposimama.

"Mbegu!" alisema.

Mbegu za msimu uliofuata zilikuwa ndani ya kibuyu juu ya jiko, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Alikuwa amezichagua yeye mwenyewe, punje kwa punje.

"Mutangulie," babu alisema. "Nakuja sasa hivi."

Tulimsubiri kwenye migomba.

Moshi ulipanda kutoka kwenye paa letu.

Watu waliokimbia walitusukuma, nasi tukaenda nao. Tulitembea msituni siku nne, mpaka Ntoto. Kila aliyefika nyuma yetu nyanya alimuuliza kuhusu mwanaume mwenye kibuyu. Hakuna aliyemwona, hai wala maiti.

Sasa mimi ni mtu mzima, tunaishi Mubi, nami huchora sura za watu kwa penseli na makaa. Ukungu umeingia machoni mwa nyanya. Mwezi uliopita alinipa ile picha ya babu, Koko kama tulivyomwita, imepauka na kukunjika pembeni.

"Furaha, unichoree Koko wako mbele macho yangu haijafungika. Niko na neno ya kumuambia."

Nilifanya kazi siku tatu. Nilichora kila kitu kilivyokuwa: kola pana ya koti, kitambaa cheupe mfukoni, mdomo uliofungwa kama wa mtu aliyezuia pumzi. Nilijivunia sana lile koti.

Nyanya aliisogeza karatasi karibu na pua.

"Ulichora muzuri. Lakini huyu njo nani?"

"Ni Koko."

"Hapana. Hii koti iko ya mupiga picha. Yule baba wa Butembo alikuwa na koti moja tu pale Masisi. Wanaume bote walikuwa napanga mustari. Mumoja anavua, mwengine anavaa."

Mama Sifa, jirani yetu aliyekimbia kutoka kilima chetu cha Kingi, alisikia, akaenda kuleta picha ya marehemu mume wake. Koti lile lile. Kitambaa kile kile.

"Kumbe ba bwana zetu walivaa nguo moja!" alisema.

"Na wako njo alipoteza kifungo," nyanya akamjibu, nao wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Kisha nyanya akanirudishia karatasi.

"Furaha, mimi njo nilimurudisha kwa ile mbegu. Siwezi omba musamaha mbele ya koti ya muntu."

Nilichukua karatasi nyingine. Kutoka kwenye picha nilibakiza macho na paji la uso, mengine nilimuuliza. Alinieleza sweta ya kijani, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu kwa sababu wa kijani haukupatikana sokoni. Makapi kwenye nyusi niliyakumbuka mwenyewe. Nilipofika mdomoni, nyanya aliweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa ufungue kidogo. Alikuwa napenda kunijibu."

Nikaufungua.

Aliitazama kwa muda mrefu. Hatuna kaburi la babu, na sidhani kama tutalipata. Kilima kile sasa kinalimwa na watu tusiowajua. Pengine mbegu zetu ziliota mahali, pengine ziliungua. Kilichobaki cha babu kilikuwa karatasi ile magotini pa nyanya, yenye alama ya kidole cha nyanya kando ya mdomo.

"Njo yeye," alisema. "Utoke kwanza, mutoto wangu. Na ufunge mulango."

Nilikaa nje na Mama Sifa. Tulisikia sauti ya nyanya, chini, bila haraka. Kisha ikakatika, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu.

Mama Sifa alikuwa bado ameshika picha ya mume wake.

"Wangu alikuwa navaa shati ya buluu," alisema polepole. "Ilipasuka hapa, ku bega."