Miguu Yangu Mikononi mwa Sir

Mwenye akili akimdanganya bosi kwamba anaumwa, hubaki kitandani. Mimi nilikwenda kuchechemea hadharani.

Asubuhi nilimpigia sir, mwenye ghala ninalopangia mizigo hapa Dubai. "Sir, naharisha mpaka siwezi kusimama." Sir ni Mhindi mzaliwa wa Mombasa, anajua Kiswahili kuliko mimi. Akasema, "Pole, Kazungu. Lala."

Nikalala mpaka pua iliponasa harufu ya sambusa. Nyuma ya jengo letu Wahindu walikuwa wamefungua kambi ya kuwahudumia mahujaji wao wanaotembea pekupeku hadi hekaluni Jebel Ali. Chakula kilikuwa cha kila mtu, lakini kukandwa miguu ni kwa mahujaji peke yao. Basi mimi, bingwa wa ibada, nikaficha ndala, nikajipaka vumbi hadi magotini, nikaingia nikichechemea kama niliyetoka India kwa miguu.

Nikakalishwa kitini. Mzee mmoja mwenye aproni akapiga magoti mbele yangu, kichwa ameinamisha, maana kwao kumwosha hujaji miguu ni thawabu hata kwa tajiri. Nikafumba macho. Maji ya vuguvugu, mafuta, raha tupu! Kwa kuwa sikuona Mswahili karibu, nikasema kwa sauti, "Aaah, hapo hapo kisiginoni. Yule bosi wangu bahili angekuja hapa ajifunze kutunza watu!"

Mikono ikatulia.

"Kisigino gani, Kazungu?" sauti ikauliza kwa Kiswahili cha Mombasa. "Hiki cha yule asiyeweza kusimama?"