Siku Diski ya Kariakoo Ilipomtangaza Mama Mkwe

Jamani, habari hii nimeificha miaka na miaka, na hata sasa nikiisimulia natazama kwanza kama mke wangu yuko jikoni, maana yeye akiingia katikati huwa anaitia chumvi, na kwa kweli haina pa kutiwa.

Enzi hizo kompyuta za mtumba kutoka Dubai ndiyo zimeanza kujaa Kariakoo, na mimi, kijana wa chumba kimoja Buguruni, nikajipatia laptop (kitufe kimoja kilikuwa kimeng'oka, nabonyeza kwa kijiti cha kiberiti) nikajitangaza kuwa prodyuza. Natengeneza biti, narekodi kwaya, narekodi vijana wa mtaani, mpaka laptop ikajaa ikawa inagoma kusevu. Na ikachagua wiki mbaya ya kujaa, wiki ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Neema, dada mkubwa wa Zawadi. Zawadi ndiye niliyempelekea posa, na posa yenyewe ilikuwa haijajibiwa, kwa sababu mama yao, Mama Neema, aliwaambia washenga wangu waziwazi kwamba kwake muziki si kazi, ni uhuni wenye spika. Basi nikaomba nitengeneze mimi wimbo wa kumwingiza Neema ukumbini. Ukipendeza, nimepata mke.

Nikaenda Kariakoo kutafuta diski ya nje, ile inayochomekwa kwa waya. Bwana Jayanti, mwenye duka la vifaa vya kompyuta, akanipa kitu kidogo, chepesi kama kipande cha sabuni.

"Ndogo hii, lakini ina kasi. Kwa muziki, kasi kwanza. Ikisumbua, mimi niko hapahapa."

Nikaipima mkononi, nikaguna. Mnatujua wenyewe wanunuzi wa Kariakoo, redio tunapima uzito, pasi tunapima uzito, hata simu, kwamba nyepesi ni feki na nzito ndiyo orijino. Nikatoka nje, na kabla sijavuka barabara machinga mmoja akanisogezea diski nyeusi, kubwa, imeandikwa inameza mara nne ya ile ya dukani.

"Shika mwenyewe, braza. Feki inaweza kuwa na uzito huu?"

Nikashika, mkono ukashuka. Nikaondoka nayo natabasamu peke yangu.

Nyumbani nikauhamishia wimbo wote humo. Kuhamisha, siyo kunakili (chekeni tu, nasubiri). Cha kwanza kuingia kilikuwa sauti ya kuongozea, yaani sauti yangu mwenyewe niliyorekodi mwanzo kabisa ili waimbaji wajue nani anaingia wapi, na kwa kuwa haikuwa ya kusikiwa na mtu, nilikuwa najifurahisha humo nitakavyo. Zikafuata ngoma, vinanda, na mwisho kwaya. Majina yote yakajipanga vizuri kwenye kioo, nikaridhika, sikusikiliza hata moja mpaka mwisho. Zawadi akaniambia, "Choma CD tu, yaishe." Nikamjibu kuwa CD ni ya wanaojifunza, mimi nitaupiga moja kwa moja kutoka kwenye laptop, napandisha ngoma, nashusha vinanda, ili mama yake aone kuwa hii ni kazi ya fundi.

Siku ikafika. Ukumbi wa Magomeni umejaa, ngoma zikalia, vigelegele, wapambe wakaingia kwa hatua zao za kucheza, Neema katikati, na nyuma yake Mama Neema amependeza kwelikweli. Akanitazama, akanitikisia kichwa kwa kuridhika. Moyoni nikajiona nimeshaoa.

Ngoma zikakatika. Wapambe wakabaki mguu mmoja juu. Nikapandisha vinanda, kimya. Kwaya, kimya. Jasho linanitoka, nikapandisha kila kilichokuwa kwenye kioo mpaka juu bila kuangalia kipi ni kipi, na kimoja kikaitika.

"Haya sasa," ikasema sauti yangu kwenye spika zote, "anaingia mama mkwe! Mpisheni, mpisheni, lori la mchanga hilo, likikata kona linaondoka na meza! Kulia, mama, kulia!"

Na Mama Neema, jamani, akageuka kulia. Wapambe nao wakampisha. Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka kwa kicheko, mshereheshaji amekaa chini kabisa, mimi nabonyeza kuzima na laptop imeganda, nikavuta waya kwa nguvu, diski ikaruka, ikaanguka sakafuni, ikapasuka. Ndani yake zikabiringika nati mbili za gari, na kikadi kidogo cha kumbukumbu kimeshikizwa kwa gundi, kilichomeza sauti yangu na kipande cha ngoma tu, mengine yakabaki majina. Fundi wa spika akaziokota. "Prodyuza," akasema, "hizi si za mafundi magari wa Gerezani hizi?"

Mama Neema akaja mpaka mezani kwangu. Kicheko kikakatika. Niliona aibu ya kutamani sakafu inimeze, na kilichonitoka mdomoni ni "Shikamoo, mama," wakati nilikuwa nimeshamwamkia mlangoni.

"Marahaba. Lori limeshakata kona. Sasa linaelekea wapi?"

Akawageukia mashangazi, akaanza kupiga makofi, wakadakia kwa kuimba, na Neema akaingizwa kwa makofi na vigelegele vya ndugu zake. Ilipendeza kuliko wimbo wangu, na hilo liliniuma.

Usiku ule nilijua nimemkosa Zawadi. Lakini washenga wangu walipoitwa, Mama Neema aliwaambia, "Kijana tumempokea. Wengine wote wananisifu mbele yangu, nyuma sijui wanasema nini. Huyu, ya kwake ya nyuma nimeshayasikia." Sharti lake lilikuwa moja, harusi yetu ipigwe matarumbeta.

Yakapigwa. Na mimi nimeapa, maikrofoni ikishawashwa, asiyekuwepo namsifu tu. Mama mkwe namsifu hata ikiwa imezimwa.