Siku Wodi Iliponyamaza

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya kujifungulia, hapa Nakuru, Matron hakunionyesha vyombo. Alinisimamisha kwenye korido akaniambia nisikilize. "Huyo anayeita mamake bado ana safari. Akianza kunguruma, vaa glavu umkimbilie." Tulizalisha kwa masikio, na yangu niliyaringia miaka mingi. Aliyelia sana tulimtania: uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mwaka wa 2007 tukaletewa daktari wa usingizi, mtu mpole wa sauti ya chini. Ndipo akaja Nekesa kutoka mtaa wa Rhonda, mimba ya kwanza, na valvu ya moyo iliyoharibika tangu utotoni. Kwa mgonjwa kama huyo uchungu ukipanda moyo hukimbia, na ukikimbia sana mapafu hujaa maji. Daktari alisema wazi kwamba maumivu yenyewe yangeweza kumuua. Akamketisha, akamwinamisha, akamchoma sindano nyembamba kwenye uti wa mgongo: mofini, dawa kali ya maumivu, kidogo sana, ndani ya maji yanayozunguka neva. Haikumlaza wala haikumtia miguu ganzi. Iliondoa makali tu.

"Sista," daktari akaniambia, "hii dawa ikizidi, mtu husahau kupumua. Usimwache."

Nikakaa naye. Jua la asubuhi liliingia dirishani, vumbi jeupe la ziwani likielea ndani ya mwanga. Nekesa alijikuna pua, maana mofini huwasha, akinisimulia mto wa kwao Bungoma kana kwamba anauona ukutani. Masikio yangu hayakuwa na kazi, na nasema kweli, niliogopa. Nikaweka kiganja tumboni mwake, nikausikia mji wa mimba ukikaza na kulegea, ukikaza na kulegea, macho yangu yakifuata kifua chake kinavyopanda na kushuka. Ilikuwa kama sote wawili tunaota.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama mkwe wake.

"Sista, mbona kumenyamaza? Niambie tu ukweli. Ameenda?"

"Hajaenda mahali, mathe. Ingia umwone."

Aliingia, akasimama miguuni mwa kitanda. Nekesa akamgeukia polepole, akamuuliza, "Mama, umekunywa chai?"

Baadaye tumbo likakaza kwa namna nyingine chini ya kiganja changu, nikamwita daktari wa uzazi. Alimvuta mtoto taratibu kwa mashine ya kufyonza, Nekesa asije akasukuma sana. Msichana. Na ule moyo ukastahimili.

Sasa nimestaafu, niko Elburgon. Wakunga vijana wakiniuliza ni lini niliijua kazi hii, huwarudisha kwenye siku ile: mama mkwe ameketi sakafuni, mjukuu mapajani, analia. Nilidhani ni furaha, nikamwambia tumshukuru Mungu.

"Nashukuru," akasema. "Lakini mimi nimezaa saba, Sista, na hakuna mtu aliwahi kuniuliza kama inauma."

Nikaketi kando yake sakafuni, na sare yangu nyeupe, nikamuuliza.